Sitakwenda kwa Pikipiki

Jumamosi, 7 Juni

Naanza shajara leo. Si kwa kupenda. Dada yangu ni muuguzi, na hupima presha za watu hata wakija kumtembelea tu. Amenifunga kile kitambaa mkononi, akakijaza upepo, akasoma. Kisha akasema nina hasira nyingi za vitu vidogo, na kwamba kila siku niandike jambo la kushukuru. Nimemwambia mimi ni mtu wa shukrani tangu kuzaliwa. Akapima tena. Ilikuwa imepanda.

Basi. Nashukuru kwa simu ya leo asubuhi!

Alikuwa yule mama aliyenunua ukumbi wa mikutano karibu na benki. Kila mtu humwita Mkurugenzi, hata mumewe, nasikia. Viti vya ukumbi vina fremu nzuri lakini vimechoka, na watu wakivikalia huanza kutapatapa kabla mgeni rasmi hajamaliza salamu. Anataka vyote vishonwe upya. Ukumbi mzima! Alhamisi asubuhi twende na kiti cha mfano. Akasema "twende", na hapo ndipo shukrani yangu ilipoingia doa. Jirani yangu Pasi naye ameitwa.

Pasi ni fundi wa makochi kama mimi, ng'ambo ya barabara. Jina nimempa mimi, kwa jinsi anavyonyoosha suruali zake. Wiki iliyopita alimwomba mke wangu ahamie kwake awe mshonaji mkuu. Alimwomba mbele yangu, huku akinywa chai yangu. Mke wangu hakukataa. Amesema atasubiri hii kazi ya ukumbi ijulikane. Tukiipata, atabaki. Tukiikosa, ataenda, maana karakana yetu imepoa na yeye hawezi kushinda akishonea foronya mito ambayo haijanunuliwa.

Ana haki. Hilo ndilo linaloniuma. Tangu tuoane tunafanya kazi meza moja, mimi na sponji upande huu, yeye na cherehani upande ule. Sijui karakana inakuwaje bila ile sauti. Sitaki kujua.

Nashukuru kwa chai. Iliyobaki baada ya Pasi.

Jumapili, 8 Juni

Mke wangu ameuliza tutaendaje Alhamisi, kisha akajijibu kabla sijameza mkate. Kwa pikipiki, kama siku zote. Nikaweka kikombe chini. Nikamweleza kwa upole kwamba mkutano wa biashara hauendewi kwa pikipiki.

Pikipiki yetu inaitwa Kikohozi. Ukimwasha utajua kwa nini. Hubeba sponji, mbao, gundi, mke wangu na mimi, mara nyingine vyote kwa safari moja. Namheshimu. Lakini mwaka jana nilikwenda naye kwenye ofisi moja kubwa, kofia ngumu kichwani, mto wa mfano kwapani. Dada wa mapokezi akaupokea mto, akauliza umetoka kwa nani, akagonga muhuri kwenye karatasi, akanishukuru. Nami nikaondoka! Nilikuwa nimeshafika nyumbani ndipo nikakumbuka kwamba mwenye miadi nilikuwa mimi.

Mke wangu anasema kosa halikuwa la pikipiki. Anasema Kikohozi hufika. Ndiyo hoja yake yote, hufika. Nikamwambia kufika si kazi, kazi ni kuonekana umefikaje. Akanitazama kidogo, kisha akaenda kufua.

Ili nisiambiwe nina maringo, mchana nilifanya jaribio. Nilivaa suti ya harusi yetu, ambayo bado inaingia nisipopumua sana. Juu yake nikavaa ovaroli. Nikazunguka mtaa na Kikohozi. Nikarudi, nikavua ovaroli, nikajikagua kwenye kioo. Suti mikunjo mitupu. Grisi kwenye pindo. Mdudu kwenye jino.

Pasi alikuwa amesimama mlangoni kwake. Akanipungia mkono, akauliza kama huko ninakotoka kuna baridi, mbona nimevaa nguo mbili. Kisha, bila kuulizwa, akasema yeye amekodi gari kwa ajili ya Alhamisi. Jeusi.

Nilisikia presha ikipanda bila kifaa. Lakini nashukuru. Mdudu sikummeza. Na uamuzi umekata mzizi wa fitina: sitakwenda kwa pikipiki.

Jumatatu, 9 Juni

Siku njema. Mipango miwili mikubwa kwa mpigo.

Wa kwanza, kiti cha mfano. Mke wangu alitaka tukate sponji kama tulivyokata siti ya Kikohozi. Siti hiyo tuliitengeneza wenyewe mwaka tuliooana, wakati hatukuwa na mteja hata wa dawa. Sponji gumu chini, la wastani katikati, laini juu, na mbele imepunguzwa kidogo ili ukingo usibane mapaja. Ni siti nzuri. Sikatai. Lakini siti ya pikipiki ni siti ya pikipiki! Kiti cha ukumbi lazima kiwe na kimo. Mgeni rasmi akikaa aonekane amekaa.

Basi nimekijaza mpaka kikavimba. Nikaweka na vifungo vya kitambaa kinachong'aa, mistari kwa mistari. Mke wangu akauliza watu watakaa wapi, kati ya vifungo au juu yake. Nikamwambia vifungo ni heshima. Akasema sawa, akavishona vyote bila kuniangalia. Nashukuru kwa mke asiyebishana.

Mpango wa pili, gari. Nimekwenda kwa shemeji, kaka wa mke wangu, mwenye gari refu jeupe. Sikuomba. Nilianza kwa kusifia rangi, nikasifia vioo, nikasema gari kama hili mtu akifika nalo hata mlinzi anasimama wima. Shemeji si mtoto. Akauliza nalitaka lini. Amekubali kwa sharti moja, nimshonee siti ya dereva, ambayo ina mpasuko. Mpasuko wenyewe hauzidi kiganja. Kazi ya kufumba na kufumbua.

Gari lake jeupe, la Pasi jeusi la kukodi. Nani kamzidi mwenzake? Nashukuru kwa kuoa kwenye ukoo wenye magari.

Jumanne, 10 Juni

Gari lipo mlangoni! Nimeliegesha mahali ambapo Pasi hawezi kutoka dukani kwake bila kuliona. Ametoka mara kadhaa. Sijui kama ameliona. Ameliona.

Mke wangu alizunguka gari, akachungulia siti ya dereva, akasema nishone mpasuko ule na nisifungue kitu. Alirudia. Nisifungue. Alisema ananijua, nikifungua siti ya mtu siwezi kuifunga kabla sijaona mwisho wake.

Sikufungua. Nilipanua tu mpasuko kidogo ili sindano ipite vizuri. Ndani nikaona sponji. Sponji gani hilo! Limekuwa unga. Ukiligusa linamwagika sakafuni. Sasa mimi ni fundi, si fundi? Nitashona ngozi nzima juu ya unga, nifunge, nijiite fundi? Nikaitoa siti nje. Nikaivua.

Baada ya hapo ya pembeni ilionekana mbaya. Jana haikuwa mbaya, leo ni mbaya, kwa sababu mwenzake yuko uchi. Nikaivua na hiyo. Kufikia jioni siti zote za gari la shemeji zilikuwa mifupa, na sponji jipya lilikuwa limekatwa, vizuri mno, nasema mwenyewe. Mke wangu aliporudi kutoka kununua uzi alisimama mlangoni akazihesabu. Kisha akakaa kwenye cherehani akaanza kushona vifuniko vipya. Hakusema nilikwambia. Wanawake wengine wangesema.

Leo nashukuru kwa gundi. Nimeipaka ya kutosha. Asubuhi itakuwa imekauka.

Jumatano, 11 Juni

Haijakauka.

Mvua tangu alfajiri. Nimegusa sponji, kidole kikabaki. Nimepepea kwa gazeti. Gazeti limeganda. Nimewasha jiko la mkaa karibu na siti, mke wangu akalizima, akauliza kama nataka tuchome karakana kabla Pasi hajaichukua. Nikauliza ataichukuaje. Akasema ni maneno tu.

Shemeji amepita kuulizia. Nilimpokea barabarani na mwavuli, nikasimama kati yake na gari, nikamwambia kazi iko hatua za mwisho na ni siri ya ufundi. Akaondoka anafurahi. Nashukuru kwa mvua, maana bila mwavuli ule angeona ndani.

Mchana mke wangu alisema, taratibu, kwamba bado kuna Kikohozi. Nikamwambia nimeshamwambia Pasi nitakwenda kwa gari. Nimemwambia pia muuza magazeti, fundi saa na mama wa duka la vitambaa. Siwezi tena kurudi nyuma! Akauliza nitakaa wapi. Hapo ndipo akili iliponijia, na niliona aibu kwamba haikunijia mapema.

Kigoda.

Nimekipima. Kigoda cha jikoni kinaingia vizuri mahali pa siti ya dereva. Kimo ni kile kile, ukiinama. Kutoka nje nani atajua? Nashukuru kwa kila fundi seremala aliyewahi kutengeneza kigoda.

Alhamisi, 12 Juni

Niandike kwa utaratibu.

Asubuhi nilivaa suti. Mke wangu alininyooshea kola, akanifuta vumbi mabegani, akanitakia heri. Hakupanda gari. Alisema hakuna pa kukaa, na hilo lilikuwa kweli. Kiti cha mfano nilikilaza nyuma kwenye mifupa ya siti. Nikakaa kwenye kigoda. Nikapiga honi mbele ya duka la Pasi, nikaondoka kwa heshima zote.

Barabara iliyonyooka haikuwa na tatizo. Kona ilikuwa na tatizo. Gari lilikwenda kulia, kigoda kikaenda kushoto, na mimi nilikuwa upande wa kigoda. Usukani niliuacha kwa kukosa namna. Nashukuru kwa mtu ajengaye nyumba hapo kwenye kona, na kwa rundo lake la mchanga. Gari liliingia humo taratibu likazima. Hakuna aliyeumia. Mimi nilikuwa sakafuni upande wa abiria, miguu juu, kigoda tumboni.

Nilipotoa kichwa dirishani nikasikia kikohozi ninachokijua. Mke wangu alikuwa nyuma yangu. Alikuwa ananifuata tangu nyumbani, na kofia yangu ngumu imening'inia mkononi mwake.

Akanivisha kofia. Nikapanda nyuma, kiti cha mfano mapajani, miguu ya kiti ikitazama mbinguni. Tulipita kwenye foleni upenyo kwa upenyo. Karibu na benki tulilipita gari jeusi limekwama katikati ya malori. Ndani nilimwona Pasi akiitazama saa. Nilitaka kumpungia mkono, lakini nilijificha nyuma ya kiti, maana nilikuwa kwenye pikipiki.

Nilimwomba mke wangu anishushe nyuma ya benki na anisubiri huko, asionekane. Akasema huko kuna jua. Nikamwambia ni kwa muda mfupi tu. Nikamwachia kofia, nikabeba kiti, nikaingia ukumbini kwa miguu. Mapokezi nikasema dereva wangu anaegesha.

Chumba cha Mkurugenzi kiko juu, na dirisha pana linalotazama mtaa. Pasi aliingia baadaye kidogo akihema. Suruali bado imenyooka. Mkurugenzi ni mama mnene, mtulivu, miwani imefungwa kamba shingoni. Hakutaka maelezo. Alisema yeye hukaa. Akakalia kiti changu, akaanza kutueleza habari za ukumbi wake, hotuba zinavyorefuka, watu wanavyotoka kwenda kuvuta hewa na hawarudi. Huku anaongea alihamia kulia. Akahamia kushoto. Akapenyeza mkono chini yake, akatoa kifungo, akaniwekea mezani bila kukatisha sentensi.

Akahamia kiti cha Pasi. Hapo alikaa muda mrefu zaidi. Aliusifu mgongo. Nikaona Pasi ananyoosha tai. Nikaanza kufikiria meza yangu bila cherehani. Kisha Mkurugenzi naye akaanza kukunja mguu, kukunjua, kukunja tena. Mwishowe akainuka kujinyoosha, akaenda dirishani. Tukadhani anafikiria.

"Yule mwanamke pale chini ni nani?"

Nikaenda dirishani. Mke wangu! Si nyuma ya benki. Ng'ambo ya mtaa, mkabala na dirisha, kivulini, amekaa upande juu ya Kikohozi, anasoma gazeti. Kofia mbili pembeni.

Neno lilinitoka lenyewe. Nilisema simjui, labda ni tarishi.

Mkurugenzi akasema ajabu. Alisema tangu tulipoanza kikao amekuwa akimtazama kwa jicho la pembeni, na wakati yeye mwenyewe amehangaika kwenye viti viwili vya mafundi, yule mwanamke hajasogea hata mara moja. Amegeuza kurasa tu.

Pasi akakohoa kidogo. Akasema kwa adabu kwamba yule ni mke wa huyu bwana hapa, kwamba siti ile ameishona yeye, na kwamba mwezi ujao anahamia kwake. Alitaka kazi na alitaka mshonaji, na aliviomba vyote kwa sentensi moja. Ningekuwa mimi ningesema hivyo hivyo.

Mkurugenzi akanitazama juu ya miwani. Akauliza kama mke wangu ni tarishi. Nikasema kulikuwa na jua, sikumwona vizuri. Akatazama chini kwenye kivuli, akanitazama tena mimi. Akashuka ngazi, sisi nyuma yake.

Alimsalimia mke wangu, akamwomba asogee, akapanda mwenyewe. Mkurugenzi! Juu ya Kikohozi! Akatoa simu, akampigia fundi wake wa mabomba, akamgombeza kwa utulivu kwa muda mrefu sana. Sisi tumesimama. Pasi alitumia muda huo kumwambia mke wangu, pole pole, jinsi nilivyomwita tarishi. Sikusikia maneno. Niliona uso wake ukigeuka kuja kwangu, na nikatamani nirudi kwenye mchanga.

Mkurugenzi akamaliza. Hakuwa amesogea. Akapapasa siti kwa kiganja, akamwuliza mke wangu kama ni kweli anahamia kwa bwana huyu, ili ajue kazi ampe nani.

Mke wangu alikunja gazeti. Alilikunja vizuri, pembe kwa pembe. Kisha akasema:

"Mimi nimeshona tu, mama. Sponji amelikata huyu mume wangu. Hii siti hainitoki mimi peke yangu, na haimtoki yeye peke yake. Ukitaka kama hii, tutafute wote wawili kwenye meza moja."

Nilitazama pembeni. Macho yaliniwasha. Vumbi la barabarani, bila shaka, ingawa mvua ilinyesha jana kutwa.

Kazi tumepewa! Sehemu za kukalia za viti vyote, zikatwe kama siti ya Kikohozi, bila vifungo. Mkurugenzi alilisema hilo la vifungo akinitazama mimi. Migongo amempa Pasi, kwa sababu mgongo wake ulikuwa mzuri. Pasi akatupa mkono, sote wawili, akamwambia mke wangu amempoteza kwa haki. Lazima niseme aliongea vizuri. Jumatatu tunarudi kutia saini.

Njiani kurudi nilimshika mke wangu kiunoni na kumwambia anisamehe. Akasema hasikii, upepo. Nikasema tena kwa sauti, watu wa kituoni wakageuka. Akasema alisikia tangu mara ya kwanza, alitaka tu nirudie.

Leo sitanii. Nashukuru kwa huyu mwanamke. Alinifuata nyuma akijua kona iko wapi. Aliniwekea kofia. Nilimkana mchana kweupe, naye akasema mume wangu mbele ya watu. Dada akinipima sasa hivi sijui atasoma nini. Kitu kingine, si presha.

Jumamosi, 14 Juni

Dada amepima. Imeshuka. Amefurahi, anasema shajara ni dawa. Nimemwacha aamini hivyo.

Ukweli ni cherehani. Imeunguruma kutwa nzima upande ule wa meza, mimi na kisu changu upande huu. Leo jioni ilinyamaza, nikainua kichwa kwa hofu. Alikuwa anabadilisha uzi tu. Akaniuliza natazama nini. Nikasema natazama kama kuna uzi wa kutosha. Akacheka. Nashukuru kwa uzi.

Gundi ya siti za shemeji imekauka. Nimezifunga zote. Shemeji alikuja na sura ya mtu aliyetoa gari lake mchangani, akiwa na maneno yake tayari. Akakaa. Maneno yakamwishia. Alikaa mpaka chai ikapoa. Alipoteremka akaniuliza, kwa sauti ya chini, kama nafanya na dari.

Nimemjibu kwamba nitafikiria.

Jumatatu, 16 Juni

Siku ya kutia saini! Naandika asubuhi, kwa haraka. Nimejifunza mengi wiki hii, na niyaandike yasije yakapotea. Kigoda lazima kifungwe kwa kamba. Mvua inatabirika, gundi haitabiriki. Vifungo viwe vidogo.

Na kutia saini si sawa na kikao cha kawaida. Siku ya kikao unakwenda kuomba, watakuvumilia hata ukifika na vumbi. Siku ya saini wewe ni mshirika. Nasikia atakuwepo mpiga picha. Mtu anapigwa picha akishuka kwenye nini? Nilimweleza mke wangu haya jana. Alikuwa anauma uzi kwa meno, kwa hiyo hakujibu, nami nikahesabu kuwa amekubali.

Basi nimezungumza na shemeji. Gari lipo mlangoni, siti zote mpya, ngozi inang'aa, hakuna haja ya kigoda. Sharti lake ni dogo kabisa. Kitambaa cha dari kimeachia kwenye kona moja, karibu na kioo. Kukigandisha tu.

Sikufungua. Nilikivuta kidogo nione gundi ya zamani ilikuwa ya aina gani.

Imeshuka dari yote. Ipo kichwani kwangu hivi ninavyoandika, nimekaa siti ya dereva, siti nzuri ajabu, sioni barabara, na vumbi la sponji limenijaa kwenye suti. Nikiisukuma mbele inashuka nyuma. Gundi mpya nimeshaipaka. Naamini itakauka njiani.

Nje nasikia Kikohozi anapigwa kiki. Nimechungulia chini ya dari. Mke wangu amevaa gauni lake la sikukuu, amekaa tayari, kofia yangu mkononi. Hajaniita. Anasubiri tu.

Namshukuru Mungu kwa mke huyu. Nitapanda. Nitamwomba tu anishushe nyuma ya benki.